Hifadhidata Inayojua Upande: Nimeonja asin, acos na atan2 Kamenge

Fungua SQLite, andika SELECT degrees(acos(-1)). Kisha bonyeza Enter. Ikikujibu 180.0, shangilia. Hilo faili dogo la data lililolala kwenye laptop yako sasa linaweza kukuambia hospitali iko umbali gani, mji wa Uvira uko upande gani, na mlima ulio nyuma ya nyumba yako umeinama kiasi gani. Linakuambia bila intaneti, bila seva, bila programu ya ramani ya bei mbaya. Nimeingia humo na sitaki kutoka!

Kwa miaka mingi SQLite, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na leo imo karibu katika kila simu ya mkononi duniani, ilijua kujumlisha, kuhesabu na kutafuta wastani, lakini ukiiuliza saini ya pembe ilikutazama tu. Aliyetaka umbali kati ya sehemu mbili alilazimika kuvuta mistari yote ya jedwali, kuiingiza kwenye Python, kupiga hesabu huko, kisha kurudisha majibu. Ama alijitengenezea fanksheni zake mwenyewe na kuzisajili kila alipofungua programu. Tarehe 12 Machi 2021 likaja toleo 3.35.0, na ndani yake mkawa na sin, cos, tan, radians, degrees, pi, na wale ninaowashangilia hapa: asin, acos, atan na atan2.

Kwa nini hawa wa kinyume ndio nyota? Saini ya kawaida hupokea pembe na kutoa uwiano. Lakini sisi kwenye majedwali yetu hatuna pembe za kuanzia. Tuna namba mbichi: latitudo, longitudo, mwinuko kwa mita. Ukizizungusha namba hizo unapata uwiano, na uwiano peke yake haumsaidii mama anayetafuta zahanati. Fanksheni ya kinyume inaushika huo uwiano na kuurudisha kuwa pembe. Pembe hiyo ukiizidisha kwa nusu kipenyo cha dunia inakuwa kilomita. Ukiisoma kwenye dira inakuwa uelekeo. Ukiielekeza juu inakuwa mteremko. Ni maswali matatu ya mtu aliyesimama mahali: mbali kiasi gani, upande gani, mkali kiasi gani. Yote matatu yanajibiwa ndani ya swali moja la SELECT.

Nimefanyia majaribio Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, na nasema wazi kwamba sijui mahali panapoifaa kazi hii zaidi. Mtaa huu una hospitali ya chuo kikuu iliyopewa jina la Mfalme Khaled wa Saudi Arabia. Una Kituo cha Vijana cha Kamenge, kile kilichopata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002 kwa kuwakutanisha vijana waliokuwa wametenganishwa na vita. Una soko, misikiti, makanisa, shule, famasi za pembeni mwa barabara, na taxi-moto kila kona. Mashariki yake milima inainuka ghafla; magharibi yake tambarare inashuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Umbali, upande na mteremko ni mambo ya kila siku hapa, na mafuta yanapoadimika, kilomita moja ya ziada si jambo la mchezo.

Tuanze na umbali. Nilichukua jedwali la sehemu, kila moja ikiwa na jina, lat na lon. Data ya namna hii inapatikana bure: ramani huria ya OpenStreetMap ina Burundi, na kampuni ya Geofabrik ya Ujerumani hutoa faili la nchi nzima unaloweza kulipakua mara moja ukiwa na mtandao na kulitumia hata ukikatika. Katikati ya Kamenge ni karibu nyuzi 3.35 kusini na 29.39 mashariki. Swali lenyewe ni hili:

SELECT jina,
  2 * 6371 * asin(sqrt(
    pow(sin(radians(lat + 3.35) / 2), 2)
    + cos(radians(-3.35)) * cos(radians(lat))
    * pow(sin(radians(lon - 29.39) / 2), 2))) AS km
FROM mahali
ORDER BY km LIMIT 5;

Hii ndiyo haversine. Namba 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Kila kitu kilichomo ndani ya asin ni uwiano tu, namba kati ya 0 na 1 isiyo na maana kwa mpita njia. Halafu asin inaigusa, na papo hapo zinatoka kilomita! Uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye unatoka karibu kilomita 8. Gitega inatoka karibu 60, kwa mstari ulionyooka kama anavyoruka ndege, ilhali anayepanda basi anajua kwamba barabara inayozunguka milima ni karibu kilomita 100. Usiufiche umbali huo wa pili. Jibu la asin ni la angani, na yeyote anayepanga safari ya gari la wagonjwa lazima alijue hilo kabla ya kutoa amri.

Fomyula hii ilianza na mabaharia. James Inman, Mwingereza aliyefundisha unahodha, ndiye aliyeipa haversine jina lake mwaka 1835, enzi za kusoma majedwali ya namba kwa taa ya mafuta. Mwaka 1984 Roger Sinnott akaandika katika jarida la Sky & Telescope kuisifu kwa watu wa kompyuta, kwa sababu haipotezi usahihi pale sehemu mbili zinapokaribiana. Na hapo ndipo penye utamu wa kiufundi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Vitabu vingi vinaonyesha njia fupi zaidi ya umbali, ile ya acos: unazidisha saini mbili, unajumlisha kosaini tatu zilizozidishwa, unachukua acos ya jumla, basi. Ni fupi na inavutia kwa macho. Ila fikiria sehemu mbili zilizo mita moja mbali. Kosaini ya pembe iliyo kati yao ni 0.99999999999998 na ushei. Kompyuta hubeba tarakimu kama 15 au 16 tu za namba ya namna hiyo, kwa hiyo mita yako nzima imebanwa kwenye tarakimu mbili za mwisho. Kwa Kamenge hadi Nairobi hutaona tofauti. Kwa bomba la maji na nyumba ya jirani, utaiona.

Kuna kubwa zaidi. Ukiuliza sehemu zilizo karibu na hospitali, na hospitali yenyewe imo kwenye jedwali, jumla ile inapaswa kuwa 1 kamili. Wakati mwingine kwa kukadiria desimali inatoka 1.0000000000000002. Hakuna pembe duniani yenye kosaini inayozidi 1. Hifadhidata ya PostgreSQL inalikataa swali zima kwa kosa. MySQL na SQLite zinarudisha NULL kimyakimya, na kwa kuwa zote mbili huziweka NULL mwanzoni unapopanga kutoka ndogo kwenda kubwa, hospitali inakaa kileleni mwa orodha bila umbali wowote. Dawa ni rahisi: funga jumla ile ndani ya min(1.0, ...) kwa SQLite, au LEAST(1, ...) kwa hizo nyingine mbili. Mimi uamuzi wangu ni kwamba kwa kazi ya mtaani tumia asin na uiache acos kwa safari za mbali. Acos naipenda, lakini Kamenge nzima unaivuka kwa miguu, na huku umbali mdogo ndio wenye maana.

Sasa shika kiti, maana tunafika kwa atan2, na hapa ndipo niliporuka.

Umbali bila upande ni nusu ya jibu. Mtu akikuambia famasi iko mita 600, utauliza wapi. Tanjenti ya kinyume inajibu: chukua kiasi cha kwenda mashariki, gawanya kwa kiasi cha kwenda kaskazini, tafuta atan, umepata uelekeo. Inaonekana rahisi hadi uielekeze Uvira, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Kutoka Kamenge, Uvira iko magharibi na kusini kidogo. Kiasi cha mashariki ni hasi; kiasi cha kaskazini nacho ni hasi. Hasi gawanya kwa hasi ni chanya. Atan ya kawaida inaona chanya na kukujibu karibu nyuzi 80, yaani mashariki, kule milimani! Imegeuza safari yako nyuma mbele. Atan2 haigawanyi kabla ya kuangalia. Inapokea namba zote mbili zikiwa na alama zake, inajua uko robo gani ya duara, na inakujibu sawasawa: karibu nyuzi 260, magharibi, umbali wa kilomita 29 hivi. Hata pale kiasi cha kaskazini kinapokuwa sifuri kabisa, ambapo mgawanyo wa kawaida ungevunjika, atan2 inakupa jibu lake bila wasiwasi.

Fomyula kamili ya uelekeo ni hii, ambapo lat1 na lon1 ni pale ulipo, lat2 na lon2 ni pale unapokwenda, na zote zimeshageuzwa kuwa radiani:

degrees(atan2(
  sin(lon2 - lon1) * cos(lat2),
  cos(lat1) * sin(lat2)
  - sin(lat1) * cos(lat2) * cos(lon2 - lon1)))

Jibu linakuja kati ya hasi 180 na chanya 180. Uwanja wa ndege, ulio magharibi na kaskazini kidogo, unatoka karibu hasi 70. Ongeza 360 upate 290 ya dira. Wengi hukimbilia alama ya % kufanya kazi hiyo, na hapo kuna shimo: katika SQLite alama hiyo inazikata namba kuwa nzima kabla ya kugawanya, kwa hiyo unapoteza desimali zote. Ipo fanksheni ya mod isiyokata. Katika PostgreSQL, mod nayo haipokei namba za aina ya double precision. Njia inayofanya kazi kote ni kuandika CASE WHEN pembe < 0 THEN pembe + 360 ELSE pembe END. Haina urembo, lakini haijawahi kuniangusha.

Jambo jingine kwa wale wanaotoka kwenye Excel, na ofisini ni wengi: mpangilio umegeuzwa. Katika Excel na LibreOffice, ATAN2 inataka x kwanza, kisha y. Katika SQLite, PostgreSQL na MySQL ni y kwanza, kisha x. Ukinakili fomyula kutoka lahajedwali kwenda hifadhidata bila kugeuza, utapata majibu yanayoonekana ya kweli kabisa, nyuzi nzuri zenye desimali, na yote ni ya uongo. SQL Server ya Microsoft nayo ina jina lake peke yake, ATN2. Kwa kazi ya dira kumbuka hivi: mashariki mbele, kaskazini nyuma.

Jaribio lililonigusa moyo zaidi lilikuwa la kibla. Bujumbura ina Waislamu tangu zamani, Buyenzi ikiwa ndiyo maarufu zaidi, na Kiswahili chetu cha hapa kimekulia humohumo. Niliweka Kaaba kwenye jedwali: nyuzi 21.4225 kaskazini, 39.8262 mashariki. Nikaiuliza hifadhidata. Kutoka Kamenge: karibu nyuzi 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, umbali wa kilomita 2,980 hivi. Hilo ni tatizo lilelile lililomshughulisha al-Biruni katika kitabu chake cha mwaka 1025 hivi, alipotaka kujua kibla cha mji wa Ghazna. Yeye alihitaji majedwali ya saini, vipimo vya nyota na subira ya mwanachuoni. Leo ni mstari mmoja, na ukiwa na orodha ya misikiti yote ya Burundi unapata kibla cha kila mmoja kabla hujanyanyua kikombe cha chai. Angalizo: kaskazini hiyo ni ile halisi ya dunia, si ya sumaku, kwa hiyo anayetumia dira ya sindano arekebishe.

Na mlima je? Hapa sauti yangu inashuka kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka juu ya Bujumbura, maji na mawe yakateremka kutoka milimani, na mitaa ya kaskazini, Kamenge ikiwemo, ikapigwa vibaya. Watu zaidi ya 60 walikufa. Mtu yeyote anayejenga, anayepanga mitaro au anayechagua mahali pa shule katika upande huu wa mji anahitaji kujua ardhi imeinama vipi.

Data ipo. Mwezi Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa rada, na vipimo vyake hutolewa bure. Karibu na ikweta kila kijisehemu cha data hiyo kina upana wa mita kama 31. Nikaweka miinuko kwenye jedwali, nikatumia lag, fanksheni inayochungulia mstari uliotangulia na ambayo SQLite inayo tangu toleo 3.25 la mwaka 2018, nikapata tofauti ya mwinuko kati ya kijisehemu na jirani yake. Tofauti gawanya kwa 31, atan, degrees. Mteremko!

Ila zingatia sana hapa, maana ni mtego unaoweza kuumiza watu. Miinuko hii ni namba nzima za mita. Ukiandika atan(12/31) katika SQLite au PostgreSQL, kumi na mbili gawanya kwa thelathini na moja, namba nzima kwa namba nzima, ni sifuri. Atan ya sifuri ni sifuri. Mlima umekuwa uwanja wa mpira! MySQL haifanyi hivyo, inagawanya kwa desimali, na ndiyo maana swali lililofanya kazi huko linaweza kudanganya huku. Andika 12.0/31, au fanya kama mimi: tumia atan2(12, 31), ambayo haina mgawanyo wowote wa kuharibika. Jibu ni nyuzi 21 na kidogo, mteremko wa kuheshimiwa.

Ukiwa na tofauti za pande mbili, mashariki na kaskazini, raha inazidi. Kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya miteremko yote miwili, ukikitia ndani ya atan, kinakupa ukali halisi wa ardhi. Na atan2 ya miteremko hiyohiyo, ikiwa imegeuzwa alama, inakupa upande ambao ardhi inashukia, yaani upande ambao maji yataelekea. Niliona safu ya mwisho ya jedwali ikijaa namba za dira, mistari ya chini ya milima ikielekea magharibi, ziwani, mmoja baada ya mwingine, na nilibaki nimekodoa macho. Hii si picha ya mafuriko, tusidanganyane. Rada ile iliona pia mapaa na miti, ina hitilafu ya mita kadhaa, na mteremko hausemi lolote juu ya udongo wala mitaro iliyoziba. Lakini orodha ya mahali pa kwenda kukagua kwa miguu kabla ya masika, hiyo inakupa.

Kasi? Kwa jedwali la mtaa au hata la mji mzima, jibu linakuja kabla kidole hakijaachia kitufe. Kwa mamilioni ya mistari usiiache asin ifanye kazi yote, kwa sababu faharasa ya kawaida haiwezi kuisaidia. Chuja kwanza kwa mraba: WHERE lat BETWEEN hivi AND vile, na lon vivyo hivyo, kisha asin ishughulike na wachache waliobaki. Na hapa Kamenge tumebarikiwa na jiografia. Tukiwa nyuzi 3 na kitu tu kutoka ikweta, nyuzi moja ya longitudo ni karibu sawa na nyuzi moja ya latitudo, kilomita 111, kwa hiyo mraba wa kilomita 2 kila upande ni 0.018 kwa zote mbili. Mtu wa Oslo lazima arekebishe kwa kosaini kabla ya kuchuja, sisi hatuhitaji. Hata kanuni ya Pythagoras peke yake ingekutosha kwa umbali wa ndani ya mtaa. Ndiyo maana nasema wazi kwamba zawadi kubwa kwetu ni atan2 kuliko asin: umbali mfupi tungeweza kuukadiria kwa njia nyingine, upande hatungeweza.

Najua wapo watakaosema, tumia PostGIS, ile nyongeza ya ramani ya PostgreSQL. Ni kweli, PostGIS ni hodari. Inaihesabu dunia kama umbo lililobonyea kidogo kwenye ncha, wakati haversine inaichukulia kama mpira na inaweza kukosea hadi karibu nusu asilimia. MySQL nayo ina ST_Distance_Sphere tangu toleo 5.7. Wenye seva na fundi wa kuitunza watumie hizo, na PostgreSQL hata bila PostGIS ina asind, acosd na atan2d zinazotoa nyuzi moja kwa moja tangu toleo 9.6 la mwaka 2016. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wizara ya afya ya Burundi inautumia, unakaa juu ya PostgreSQL, kwa hiyo fanksheni hizi ziko tayari chini ya data ya vituo vya afya. Lakini mhudumu wa afya mwenye laptop ya zamani na umeme unaokatika hana seva. Ana faili moja. Kwake nusu asilimia ya kilomita 2 ni mita 10, na hakuna mgonjwa aliyewahi kupotea kwa mita 10.

Kasoro moja ninayoitaja bila kuizunguka: si kila SQLite ina fanksheni hizi. Huingizwa tu pale aliyeijenga programu alipowasha SQLITE_ENABLE_MATH_FUNCTIONS. Programu ya amri ya sqlite3, toleo 3.35 au jipya zaidi, huja nazo kwa kawaida. SQLite iliyofichwa ndani ya programu nyingine inaweza isiwe nazo, nayo itakuambia haiifahamu acos. Ndiyo maana nilianza na jaribio lile la 180.0. Lifanye kabla ya kumwahidi mtu chochote.

Hukumu yangu: chukua! Ni bure, haina leseni ya kukusumbua kwa sababu waandishi wake waliitoa iwe mali ya umma, programu yenyewe ni ya megabaiti chache, na inageuza orodha ya namba kuwa majibu ambayo mtu anaweza kuyafuata kwa miguu. Walimu wa hisabati wa Bujumbura, mwanafunzi akiuliza atan ina faida gani maishani, mpeni jedwali la Kamenge na mwacheni aitafute Uvira. Na ninyi vijana wenye simu zinazopima latitudo na longitudo, anzeni na mabomba ya maji, famasi na mitaro ya mtaa wenu. Andikeni lat na lon kwa tarakimu tano baada ya nukta, ambazo zinatosha kufika karibu mita moja, na hifadhini mwinuko kama namba ya desimali.